Sukari inayosaidia saratani kuenea siyo ile ya kwenye chai

Kila ifikapo Oktoba, mwezi wa uhamasishaji kuhusu saratani ya matiti, maswali huongezeka katika idara za patholojia, yaani maabara zinazochunguza vipande vya mwili kutafuta ugonjwa, na hapa Mwanza ni hivyohivyo. Safari hii swali moja limezidi mengine: je, ni kweli kwamba sukari ndiyo inayosambaza saratani? Wengi wanaouliza wamesikia kwamba wanasayansi wameona sukari juu ya seli za saratani, kisha wakajimalizia wenyewe. Wapo walioacha sukari kwenye chai, jambo ambalo halina ubaya. Lakini wapo pia wagonjwa walioacha ugali, viazi, ndizi na hata matunda. Wanafika kliniki wamekonda, damu imeshuka, na daktari analazimika kuahirisha dripu za saratani kwa sababu mwili hauna nguvu ya kuzihimili. Ndiyo maana naandika. Nitaeleza yaliyo ndani ya taaluma yangu ya maabara. Uamuzi wa matibabu unabaki kwa daktari anayemhudumia mgonjwa.

Nianze na lililo kweli. Seli za saratani zina sukari juu yake, na sukari hizo huchangia saratani kuenea. Ila hata seli nzima, zisizo na saratani, zinazo. Protini nyingi zinazokaa kwenye utando wa seli, pamoja na nyingi zinazomwagwa kwenye damu, hubandikwa minyororo ya sukari zikiwa bado ndani ya seli. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini, katika sehemu mbili za seli, retikulamu ya endoplazimu na kifaa cha Golgi: kimeng'enya kimoja kinabandika, kingine kinapunguza, kingine kinaongeza tawi. Malighafi yake ni sukari ndogondogo kama manosi, galaktosi, fukosi na asidi ya sialiki. Minyororo hiyo wataalamu huiita glaikani.

DNA inabeba maelekezo ya kutengeneza protini, na inabeba maelekezo ya kutengeneza kila kimeng'enya, lakini haina mchoro wa mnyororo mzima wa sukari. Sura ya mnyororo hutegemea vimeng'enya gani vipo, ni vingi kiasi gani, na kipi kimetangulia kufika. Seli ikiharibika, uwiano huo huvurugika na minyororo hutoka na sura nyingine. Mingine hukatika mapema ikabaki mifupi mno, mingine hutoa matawi kupita kiasi, na mingi humalizika kwa asidi ya sialiki nyingi kuliko kawaida.

Aliyewahi kuchangia damu ameshakutana na glaikani bila kujua. Kundi la damu A, B au O ni tofauti ya sukari moja mwishoni mwa mnyororo ulio juu ya chembe nyekundu. Mwenye A ana sukari iitwayo asetili-galaktosamini, mwenye B ana galaktosi, mwenye AB anazo zote mbili, mwenye O hana nyongeza hiyo. Karl Landsteiner alieleza makundi matatu ya kwanza, A, B na O, mwaka 1901. Tangu hapo hakuna aliyebadilika kutoka A kuwa O kwa kuacha soda, wala mwenye O hawi B kwa kunywa chai yenye vijiko vinne. Mnyororo hujengwa kufuatana na vimeng'enya alivyonavyo mtu, na kwenye seli ya saratani kanuni ni hiyohiyo.

Malighafi yenyewe hutoka kwenye chakula cha kila aina. Ugali wa dona, michembe, wali na ndizi huishia kuwa glukosi, na seli huigeuza glukosi hiyo kuwa sukari nyingine inazohitaji. Mtu akiviacha vyote, ini lake litatengeneza glukosi kutokana na protini za misuli, kwa kuwa chembe nyekundu za damu haziwezi kuishi bila glukosi, na ubongo nao unaihitaji kila siku. Kwa hiyo mgonjwa anayejinyima chakula haiadhibu saratani. Anapoteza misuli yake mwenyewe. Hili tumelisema redioni, tumelisema kliniki, tumelisema kwenye mikutano ya kata, na bado wagonjwa wanaletwa wakiwa wameshinda siku nzima na maji ya limao. Ndugu wanaowasimamia wagonjwa nyumbani, naomba mlielewe: mgonjwa wa saratani anatakiwa ale. Sato, dagaa, maharage, ugali, mboga na matunda, kadiri anavyoweza na kadiri mtaalamu wa lishe atakavyomwelekeza.

Sisemi sukari nyingi haina madhara. Unene uliokithiri huongeza hatari ya saratani kadhaa, ikiwemo ya titi kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na vinywaji vya sukari huchangia unene huo. Pia ni kweli kwamba seli nyingi za saratani hula glukosi kwa kasi; Otto Warburg wa Ujerumani alilionyesha hilo miaka ya 1920, na mashine za PET hutumia tabia hiyo kuonyesha mahali saratani ilipo. Hayo ni mambo ya chakula cha seli. Glaikani ni suala jingine. Wala zisichanganywe na kile kipimo cha sukari ya miezi 3 wanachopimwa wenye kisukari, HbA1c. Pale glukosi hujibandika yenyewe kwenye himoglobini bila kimeng'enya, na inazidi kadiri sukari ya damu inavyozidi.

Sasa kuhusu kuenea. Vifo vingi vya saratani hutokea kwa sababu imehama: ya titi imefika kwenye mapafu, ini, mifupa au ubongo; ya tezi dume imefika kwenye mifupa ya mgongo. Ili ihame, seli inapaswa kuachana na wenzake, kuingia kwenye damu au limfu, kunusurika humo, kushika ukuta wa mshipa mahali papya, kutoka nje na kuanza kuzaliana. Katika karibu kila hatua hapo, glaikani zina mkono wake.

Kuachana kwanza. Seli za ngozi, titi au utumbo hushikana kwa protini iitwayo E-kadherini, na protini hiyo nayo hubandikwa sukari. Kuna kimeng'enya kiitwacho GnT-V kinachoongeza tawi la ziada kwenye minyororo. Kikizidi, E-kadherini hulegea na seli hazishikani vizuri. James Dennis na wenzake huko Toronto, Kanada, walionyesha mwaka 1987 kwamba matawi hayo yanaambatana na uwezo wa saratani kuhama. Mwaka 2000 wakaonyesha kwamba panya wasio na kimeng'enya hicho walipata uvimbe uliokua polepole na uliohama kwa kiasi kidogo. Kimeng'enya kingine, GnT-III, hufanya kinyume: huweka sukari moja katikati ya mnyororo na kumzuia mwenzake asiongeze tawi. Timu ya Naoyuki Taniguchi nchini Japani ilichangia sana kulifahamu hilo. Maana yake ni kwamba ndani ya seli moja kuna vimeng'enya viwili vinavyogombea mnyororo mmoja, na anayeshinda huchangia kuamua kama seli itatulia au itasafiri.

Hatua ya kushika ukuta wa mshipa ndiyo ninayopenda watu waielewe zaidi. Damu inakwenda kasi, na seli iliyomo haiwezi kusimama tu. Chembe nyeupe za damu zina njia yake ya kawaida: mahali penye jeraha au maambukizi, ukuta wa mshipa hutoa protini ziitwazo selektini, ambazo hushika sukari maalumu iitwayo sialili Lewis X. Seli nyingi za saratani ya utumbo mpana, kongosho na tumbo hubeba sukari hiyo au ndugu yake, sialili Lewis A, kwa wingi. Fikiria mtumbwi unaorudi mwaloni Kirumba siku ya mawimbi: hausimami ghafla, nanga inaburuzwa chini, inakamata, inaachia, inakamata tena, mpaka kasi inakwisha na kamba inafungwa. Seli ya saratani hubiringika ukutani kwa namna hiyo, sukari zikikamata na kuachia selektini, kisha protini nyingine ziitwazo integrini huifunga kabisa. Baada ya hapo hupenya.

Humo ndani ya damu kuna pia seli za kinga zinazowinda. Asidi ya sialiki husaidia hapa. Seli zetu wenyewe huwa nayo kwenye ncha za minyororo, na seli za kinga zina vipokezi viitwavyo sigleki vinavyoisoma kama ishara ya kutulia. Saratani inayojivika asidi ya sialiki nyingi hupita bila kushambuliwa. Carolyn Bertozzi wa Marekani, mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2022, alibuni njia ya kuziwekea alama sukari hizi kwenye seli zikiwa hai bila kuziharibu, na maabara yake imefanyia kazi kingamwili zinazobeba kimeng'enya cha kukata asidi ya sialiki juu ya seli za saratani.

Kwa sisi wa ukanda wa ziwa, wenye malaria na kichocho, sukari hizi haziko mbali. Mjamzito akiugua malaria, vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma kwa kutumia protini yao VAR2CSA, inayoshika mnyororo wa sukari uitwao kondroitini salfeti. Mwaka 2015, timu ya Ali Salanti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na wenzake ilichapisha kwamba mnyororo wa aina ileile upo kwenye seli za saratani nyingi, na kwamba protini ya malaria inaweza kuzishika. Halafu kile kipimo cha mkojo cha kichocho cha tumbo ambacho watoto wengi wa visiwani na mwambao wamepimwa, cha CCA, kinatafuta protini ya minyoo iliyojaa sukari ya Lewis X, mfuatano uleule ambao saratani huuongezea asidi ya sialiki. (Kichocho cha mkojo, kile cha bara kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga, ndicho kinachosababisha saratani ya kibofu. Anayekojoa damu asisubiri.)

Nije kwenye vipimo, maana hapa malalamiko ni mengi. CA 19-9, kipimo ambacho baadhi ya maabara hukitangaza kama "kipimo cha saratani", ni kipimo cha sialili Lewis A iliyomwagika kwenye damu. CA 15-3 hupima musini MUC1, CA 125 hupima musini MUC16, zote zikiwa protini zilizojaa sukari. Havikutengenezwa kwa ajili ya mtu mzima wa afya kuja kujipima. CA 19-9 hupanda juu ya kiwango cha 37 kwa mtu mwenye mawe kwenye njia ya nyongo au umanjano wa macho na ngozi usiotokana na saratani. CA 125 hupanda wakati wa hedhi, ujauzito, na kwa mgonjwa wa kifua kikuu cha tumbo, ugonjwa ambao kwetu si mgeni. Upande wa pili, wapo watu ambao kwa kuzaliwa hawana kimeng'enya cha kutengeneza sukari za Lewis. Kwao CA 19-9 itasoma chini sana hata kama kongosho limejaa saratani, na watu wa aina hiyo ni wengi zaidi miongoni mwa wenye asili ya Afrika kuliko Wazungu. Kwa hiyo jibu zuri halimaanishi huna, na jibu baya halimaanishi unayo. Kipimo hiki kina kazi: daktari akishathibitisha saratani, hukirudia ili kuona kama matibabu yanafanya kazi. Kinachothibitisha saratani ni kinyama, yaani kipande kidogo kinachotolewa kwenye uvimbe na kuchunguzwa maabara.

Hapo ndipo tunapogombana na watu. Kuna imani imekaa kwamba uvimbe ukiguswa na chuma, saratani inaamka na kusambaa. Mama anahisi uvimbe titini, anaambiwa akatwe kinyama, anakwenda nyumbani kuitafakari, anarudi mwaka mwingine titi limefunguka kidonda na mitoki ya kwapani imejaa. Ndugu zake wanasema, mmeona, alipelekwa hospitali akazidi. Hapana. Saratani ilisambaa katika ule mwaka wa kusubiri, kwa njia nilizozieleza hapo juu, na sindano haikuhusika. Zipo saratani chache ambazo daktari hukwepa kuzichoma moja kwa moja, kama ya korodani, na kwa baadhi ya saratani za ini picha na historia hutosha. Madaktari wanazijua, nao hupanga njia nyingine. Kwa titi, shingo ya kizazi, tezi na ngozi, kinyama ni lazima, na kukikataa ni kukataa matibabu, kwa sababu hakuna kituo makini kitakachokuwekea mionzi au dripu bila majibu ya patholojia.

Utaratibu wa kinyama nitaueleza kwa kirefu, kwa kuwa ukikosewa mgonjwa hukatwa mara ya pili. Kinyama kikitoka mwilini kinatakiwa kiingie mara moja kwenye formalini (dawa inayozuia kinyama kisioze) ya asilimia 10 iliyotulizwa asidi yake, siyo maji, siyo dripu ya chumvi, siyo spiriti. Kiasi cha formalini kiwe mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Chombo kiwe na mdomo mpana, maana kinyama kikiingia laini hukakamaa kikawa kigumu na hakitoki tena kwenye mdomo mwembamba. Tumepokea kutoka kituo kimoja cha wilayani titi zima lililoshindiliwa kwenye kopo la lita moja, formalini ikiwa kiganja kimoja juu yake. Nje limeiva, katikati limeoza. Jina la mgonjwa, namba yake, sehemu kilipotoka kinyama na upande, kulia au kushoto, viandikwe kwenye mwili wa chombo. Visiandikwe kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana mezani. Fomu ieleze saa kinyama kilipotolewa na saa kilipotiwa formalini. Kwa saratani ya titi kisikae chini ya saa 6 wala kuzidi saa 72 kabla hatujakichakata, la sivyo vipimo vya vipokezi vya homoni na HER2, vinavyomsaidia daktari kuchagua dawa, havitaaminika. Kisigandishwe.

Sampuli isiyo na jina, au ambayo jina la kwenye chombo halilingani na la kwenye fomu, haipokelewi. Huandikwa kwenye daftari la sampuli zilizokataliwa, aliyeituma hupigiwa simu, na marekebisho hufanywa na mtumishi aliyeichukua kwa kusaini. Ndugu wa mgonjwa hawezi kuandika jina mapokezi, hata kama amesafiri na chombo hicho kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, na anajua kwa hakika ni cha mama yake. Tunajua inauma. Lakini kosa la majina katika patholojia ni titi la mtu asiye na saratani kuondolewa.

Kinyama kikishapita hapo, baadhi ya sukari tulizozungumzia tunaziona kwa macho. Kuna rangi ya maabara iitwayo PAS. Asidi hufungua pete za sukari zilizomo kwenye kipande, kisha dawa ya Schiff huzigeuza zambarau iliyokolea. Katika aina mojawapo ya saratani ya tumbo, kila seli inakuwa imejaa ute wa musini mpaka kiini kimesukumwa pembeni na seli inafanana na pete yenye kito. Chini ya darubini zinaonekana moja moja, zambarau, zikiwa zimeshapenya katikati ya nyuzi za misuli ya tumbo. Ukiziona hivyo unajua seli hizo zilishaacha kushikana zamani.

Je, ipo dawa ya kuondoa sukari hizo? Kwa baadhi ya saratani zipo dawa zinazolenga sukari: dinutuximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, hushika GD2, mafuta yenye sukari yaliyo juu ya seli za neuroblastoma, saratani ya watoto. Chanjo iliyolenga sukari fupi iitwayo sialili-Tn kwa wagonjwa wa saratani ya titi ilifika kwenye majaribio makubwa na haikuwaongezea maisha. Njia bado inaendelea kutafutwa, na si rahisi, kwa sababu seli nzima zinatumia minyororo hiyohiyo kuishi. Kwa hiyo anayekuuzia unga stendi, au kupitia makundi ya WhatsApp, akidai "unaondoa sukari ya kansa", anakudanganya. Dawa yoyote inayouzwa nchini inapaswa kuwa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Isiyosajiliwa hukamatwa, huteketezwa, na muuzaji hufikishwa mahakamani. Mtoa tiba asili naye anapaswa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002, na cheti chake kionekane. Maabara binafsi zinasimamiwa kwa sheria ya mwaka 1997. Una haki ya kuomba kuonyeshwa usajili kabla ya kutoa damu. Ukiwa na shaka, ofisi ya mganga mkuu wa wilaya ipokee taarifa yako, ukiwa na risiti na pakiti. Bila risiti wala pakiti, ufuatiliaji huwa mgumu.

La mwisho ni swali la kama vinyama vya wagonjwa wa kanda hii vinasafirishwa nje kwa utafiti wa sukari hizi. Sampuli haiwezi kutoka nchini kihalali bila utafiti huo kupata kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na bila mkataba wa kuhamisha sampuli uliosainiwa na pande zote. Mgonjwa husomewa fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, na kwa asiyesoma anakuwepo shahidi. Akikataa, matibabu yake hayabadiliki kwa lolote. Kinyama kilichotumika kwa uchunguzi wake hubaki kwetu ndani ya bloku ya nta, na anaweza kuiomba ili ipelekwe hospitali nyingine kwa maoni ya pili. Aje na kitambulisho na barua ya daktari anayeihitaji. Kama anamtuma ndugu, aongeze barua ya idhini yenye saini yake au dole gumba.